Daftari Lililofungia Mandazi

Naipanoi alifungua karatasi ya mandazi akaona mwandiko wa mdogo wake. Mafuta yalikuwa yamepita katikati ya mchoro wa ng'ombe, pale tumboni ndama amejikunja.

"Soipan, hii si daftari yako ya kilimo?"

"Nilimpa Wahu afungie mandazi. Kwani mtihani uko wapi, dada?"

Naipanoi akamhamishia mtoto titi la pili. Shule zilifungwa Machi, Soipan akiwa kidato cha nne, hamu yake yote ni kusomea udaktari wa mifugo. Alikuja Kitengela wiki mbili tu kumsaidia dada yake na mtoto. Korona ikaleta kizuizi cha polisi barabarani, na nyumbani Kajiado kukawa ng'ambo. Simu ya kupokelea masomo ilikuwa moja, nayo ilienda kazini kila asubuhi na mume wa Naipanoi. Sasa ni Juni. Msichana aliamka amechoka, akalala amechoka, na hakuna kazi aliyofanya.

Kabla ya saa sita, Wahu, jirani yao muuza mandazi, akaita kutoka uani. "Daktari! Kuja haraka, ng'ombe wangu anazaa!"

Lilikuwa jina la utani la Soipan. Daktari wa mifugo mwenyewe alikuwa ng'ambo ya kizuizi.

Kwato mbili zilikuwa zimetokea. Soipan akanawa hadi viwiko, akapiga magoti.

"Tungoje kichwa," akasema.

Wakangoja. Ng'ombe alisukuma hadi akaishiwa nguvu, akalala ulimi nje. Soipan akageuka. "Dada, kuna kitu ya kuangalia kwa miguu. Nilikuwa nimeandika. Nimesahau."

Naipanoi akampigia baba yao mfugaji, Parsaoti, kwa simu ya Wahu, akaweka spika.

"Kunja huo mguu," mzee akasema. "Fundo ya kwanza na ya pili kutoka kwato zinakunja upande moja?"

"Hapana, Papa," Soipan akajibu. "Kila moja upande wake."

"Basi ni miguu ya nyuma. Kichwa kiko mwisho. Vuteni sasa, atakosa hewa!"

Wakavuta wote watatu, mtoto akilia mgongoni mwa Naipanoi. Ndama akatoka, mkubwa, hana pumzi. Soipan akamsugua kwa nyasi, akamsugua tena, mpaka Wahu akamshika bega.

"Wachana naye, mami. Mamake amebaki."

Soipan akachukua simu. "Papa, nimemuua."

"Wangu wa kwanza pia alinifia," mzee akasema. "Na mimi sikuwa nimeandikiwa mahali."

Soipan akanawa mikono. Kisha akamuuliza Wahu kama daftari limebaki.

"Nusu. Na ina mafuta."

"Nipe tu."

Alasiri akaketi kwenye mkeka, akaandika nyuma ya ile karatasi ya mandazi, kalamu ikiteleza: *Ukiona kwato, usingoje kichwa. Kunja mguu kwanza.*

"Soma, dada. Unaelewa?"

Naipanoi, aliyeishia darasa la nane, akasoma polepole, mara mbili. "Naelewa."

"Haya," Soipan akasema, akapiga mwayo, akafungua ukurasa uliofuata wa lile daftari.