Shikamoo ya Dirishani

Jamani, sifa zitaniua. Mimi ni fundi magari hapa Kilosa, na kigari changu nilikinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyerudi kwao. Nikaichonga flaiwili, ile sahani nzito ya chuma nyuma ya injini, ikawa nyepesi, nikafunga na klachi mpya ngumu, ili kiruke kama swala. Kweli kikaruka. Ila nilizidisha kuchonga: ukitoa tu mguu kwenye mafuta kinazima, na hakiwaki mpaka kisukumwe.

Juzi nikampakia mjomba, mshenga wangu, twende Msowero kwa baba yake Zaituni, mchumba wangu. Mzee alikuwa amesimama uani, ananisubiri nishuke nimwamkie. Nishuke, kizime, halafu Zaituni anisukume? Na nilivyojisifu! Nikauzunguka ua, kichwa dirishani: "Shikamoo, baba!" Kuku wakatawanyika. Nikazunguka tena: "Shikamoo!"

Mzee akapiga yowe: "Jamani, gari la mkwe halina breki! Leteni kinu!"

Majirani wakabiringisha kinu mbele yangu. Kwa woga nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Kigari kikasimama papo hapo, kikazima.

Mzee akaja mbio, akainama, akatazama nafasi iliyobaki kati ya gari na kinu. Kidole kingepita kwa shida. Mjomba akajifunika uso kwa kofia.

"Kumbe breki nzima," mzee akasema taratibu. "Basi, mwanangu, kilichokushinda ni kushuka kuniamkia?"