Mkono Uliobaki Kwenye Kabati la Joto

Habari ya kifo chake ilitufikia kwa njia ya kawaida ya mtaa wetu wa Nyamianda: kwanza sauti ya mwanamke mmoja akilia nyuma ya ukuta, kisha viti vya plastiki vikipita njiani vichwani mwa watu, na mwisho mama yangu akarudi kutoka huko, kitenge kimefungwa kiunoni, akasema, "Yule madamu wa maabara ametutoka." Ninyi mnaosimama kwenye korido kusoma safu hii ya gazeti la ukutani wakati wa mapumziko, wengi wenu mlimjua. Ndiye aliyekuwa anatualika sisi wanafunzi wa biokimia kwenye semina za chuo kikuu, na ndiye aliyemwambia prefe wetu, mkuu wa shule, kwamba vyoo vya shule vinamtia woga kuliko mamba wa mto Ruzizi. Aliugua siku chache tu. Malaria, walisema hospitalini. Tulimzika Jumatatu, jua kali, ziwa limetulia kama bati. Lakini wakati tunamfunika udongo, mkono wake mmoja ulikuwa bado unaota, mbali na pale, ndani ya kabati, na hakuna kati yetu pale makaburini aliyeufikiria.

Sikuwa rafiki yake. Nilikuwa jirani tu, mlango wao unatazamana na wetu, na mimi ni mtu wa haya. Mkubwa akinisalimu maneno yanarudi tumboni. Yeye alishanizoea. Alinipa kazi ya kugawa sabuni kwenye semina zake ili niwe na sababu ya kuwa mle ndani bila kuongea. Semina ya kwanza niliyohudhuria ilikuwa juu ya maziwa na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Walikuwamo wamama wanaoanika ndagala ufukweni, wanafunzi wa chuo na makoti yao meupe, na mzee mmoja mfugaji aliyeshuka kutoka milimani Rurambo na bidoni yake, dumu la maziwa, akaketi mbele kabisa kama mtu aliyekuja kushinda kesi.

"Madamu," akasema, "maziwa ya Rurambo haina kadudu hata kamoja. Baridi ya kule juu inaviua."

"Haiviui, mzee wangu. Inavilaza tu. Vinashuka nawe mu bidoni vimelala, vikifika hapa chini vinasikia joto, vinaamka, vinaanza harusi."

"Na nani alivipa mualiko?"

"Si weye? Mbele ya kutia maziwa, hii bidoni ilibeba nini?"

"Mawese. Lakini niliisuuza."

"Na maji ya wapi?"

Mzee akatazama dari. Wamama wa ndagala walicheka mpaka mmoja akalazimika kutoka nje, na mzee mwenyewe akacheka, akauliza kama harusi ile inaweza kuvunjwa. Inaweza, alijibiwa: chemsha. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho katika kila somo. Chemsha. Alilisema taratibu, karibu kwa huzuni, kama mtu anayefunga mlango wa chumba ambacho kuna watu ndani.

Semina yake ya mwisho ilikuwa juu ya mikono. Alileta beseni moja la maji, kama lile tunalopitisha kwenye kilio na kwenye sikukuu kabla ya kula, akatuambia tunawe kama tunavyonawa nyumbani: wakubwa kwanza, wadogo mwisho, maji ni yale yale. Tulinawa wote, hata yule mzee wa Rurambo na wamama wa ndagala. Mwisho kabisa, nyuma yangu, akanawa yeye. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akakung'uta mkono wake wa kulia hewani, akaufungua, akaubandika juu ya sinia la kioo alilomwagia jeli ile angavu ambayo vijidudu hula. Alipoutoa, hapakuwa na kitu. Jeli ilikuwa safi kama dirisha. "Sasa tunaifunika, tunaiweka mu kabati ya joto," akasema. "Kisha siku chache mutaona nani alinawa na nani." Alitutazama mmoja mmoja, na sijui kwa nini wote tulificha mikono.

Hapa inabidi niwaeleze jambo moja la kazi za mji wetu wa Uvira, maana bila hilo mambo yaliyofuata yatawashinda. Semina za chuo zina sehemu ya pili inayopita mtandaoni, watu wakifuata kwenye simu kutoka Kamanyola, Bukavu, hata ng'ambo ya mpaka. Lakini umeme wetu hauna adabu. Basi mwalimu anajirekodi mapema, siku ambayo umeme uko, anaituma video kwa mwenzake wa mji mwingine, na saa ikifika huyo mwenzake anaibonyeza. Kila mtu anajua ni video na kila mtu anajifanya hajui. Mwalimu anasema bonjour kwa watu ambao bado hawapo, anauliza maswali, ananyamaza kidogo kuwapa nafasi ya kujibu, kisha anasema "vizuri sana" kwa majibu ambayo hakuyasikia. Madamu wetu alijirekodi jioni ile ile ya semina, kabla ya homa kumshika. Alizungumza juu ya mkono ulioota, hali ulikuwa haujaota.

Na hakuna aliyekumbuka kumwambia yule mwenzake wa mji mwingine asiibonyeze.

Ilikuwa Jumanne saa za mchana. Tulikuwa kwenye kilio, chini ya turubai la shitingi, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, mama yake katikati. Mama huyo sote mtaani tunamwita Koko. Simu yangu ilitetemeka. Ilikuwa ni ile semina niliyojiandikisha. Nilidhani ni tangazo la rambirambi, nikaifungua, na sauti yake ikatoka yote, nzima, katikati ya watu waliokuwa wanamlilia.

"Bonjour wote. Munanisikia? Muandike mu chat kama munanisikia."

Kilio kilikatika. Kwenye kioo cha simu alikuwa amevaa kitenge cha kijani tulichomzika nacho. Alinyamaza, akitusubiri, macho yakitutazama, kichwa amekiinamisha kidogo. Chini yake majibu yalianza kupanda kutoka kwa watu wa mbali wasiojua kitu: Ndiyo Madamu. Tunakusikia vizuri sana, Kamanyola hapa. Madamu, mbona leo umependeza? Naye akatabasamu, kama amesoma.

"Mulete hiyo telefone," Koko akasema. Nilimpelekea kwa magoti. Akaishika kwa mikono miwili. "Tunakusikia, mama," akamwambia bintiye. "Minye niko hapa. Sema."

"Vizuri sana," simu ikajibu.

Mwanamke mmoja aliinuka akakimbia, akaacha viatu. Wengine walibaki. Nani angeondoka? Madamu akaendelea kutufundisha, akituambia twende na macho yetu kwenye sinia. Kwamba kidole gumba kitakuwa kimejaa kuliko vingine. Kwamba pale palipokuwa na pete tutaona mstari mnene, kwa kuwa pete huwahifadhi wageni. Kwamba kidole chake kidogo kimepinda, tusicheke, alikivunja utotoni kwenye kinu cha kutwangia sombe, yale majani ya muhogo. "Mukono wangu iko pale mu kabati," akasema, "iko inaota." Mwishoni kabisa aliweka viganja juu ya meza: "Munafikiri ni minye? Hapana. Minye nilinawa wa mwisho. Kile chenye munaona ni ninyi wote. Mukimaliza kuangalia, muchemshe. Musikihurumie." Akanyamaza tena ili tujibu. Kisha video ikaisha, na sisi tukabaki tunatazama nyuso zetu kwenye kioo cheusi.

Katika ukoo wao mtu hazikwi akiwa amepungua. Hata nywele zilizokatwa hospitalini zilitafutwa zikawekwa kwenye sanduku. Baba mdogo wa marehemu, mzee wa maneno machache, akasema mbele ya watu wote kwamba matanga hayawezi kuondolewa wakati mkono wa mtoto uko nje unaota kama mboga. Wakamwita msaidizi wa marehemu katika maabara, kijana wa chuo, akaja na macho mekundu. Alisema mkono upo kweli. Alikuwa hajathubutu kufungua kabati. Alisema pia hauwezi kutoka mle ukiwa hai, maana haujulikani una nini ndani yake, na mtaani kuna watoto. Na ukichemshwa, jeli inayeyuka. Hautabaki mkono.

"Basi mutaniua mutoto mara ya pili," Koko akasema.

Akanigeukia mimi, mimi ambaye sikuwa nimesema neno tangu asubuhi: "Weye ulikuwa pale. Twende unionyeshe."

Tulikwenda asubuhi iliyofuata, Koko, baba mdogo, yule kijana na mimi. Maabara ni chumba kimoja chenye madirisha marefu yanayotazama ziwa, na mle ndani palinukia mkate na kitu kingine kilichochacha. Kijana alifungua kabati la joto, akatoa sinia, akaliweka mezani bila kuondoa kifuniko. Mkono ulikuwa pale. Mweupe, uliofura, wenye madoa ya manjano kama yai, na ukitazama kidole kimoja kimoja uliona yote aliyoyasema: gumba lililojaa, mstari mnene wa pete, kidole kidogo kimepinda kuelekea nje kama anayeita mtu. Ulikuwa mkubwa kidogo kuliko mkono wake halisi. Umekua tangu afe. Kifuniko kilikuwa na ukungu wa maji kwa ndani, pale pale juu ya kiganja, kama pumzi.

Koko aliweka mkono wake juu ya kioo, kidole kwa kidole. Vikalingana. Akakaa hivyo muda mrefu, na mimi niliomba moyoni kwamba asiinue kifuniko, kwa maana nilijua hakuna hata mmoja wetu angemzuia.

"Anasema ni sisi," akanong'ona.

"Ndiyo, Koko," nikasema. Sauti yangu ilinishtua. "Tulinawa wote mu beseni moja. Yeye alikuwa wa mwisho. Mimi nilikuwa mbele yake."

"Kwa hiyo weye uko hapa ndani?"

"Niko, Koko."

Aliangalia tena, kama anayenitafuta. Kisha akauliza, "Na alisema tufanye nini?"

Nikamwambia. Alikuwa amesikia, alijua, lakini alitaka litoke kinywani mwa mtu. Baba mdogo akafungua mdomo kupinga, Koko akainua kidole: "Nyamaza, shemeji. Amejisemea mwenyewe na mdomo yake. Nitachemsha. Lakini hakuna mwingine wa kumupikia mutoto wangu. Sufuria iko wapi?"

Kijana akatoa sufuria kutoka chini ya meza, ile ya kufungwa kwa nguvu inayopiga filimbi, maana chuo hakina mashine ya kuchemshia na wao hutumia ya maharagwe. Koko aliigeuza, akatazama mshikio uliofungwa kwa waya.

"Hii ni sufuria yangu!"

Akatuonyesha ule waya.

"Tangu Noeli natafuta hii sufuria! Nimesengenya majirani wote! Nilimunyima mama ya huyu mutoto chumvi" (akaninyooshea kidole mimi) "nikifikiri ni yeye! Kumbe ni weye, mwizi!" Alikuwa anaugombeza ule mkono kwenye sinia, anaupigia kelele, na alikuwa anacheka, na kijana akacheka, hata baba mdogo. Lilikuwa jambo la kutisha kucheka hivyo mbele ya kitu kile. Mkono ulitulia, na kidole chake kidogo kikaendelea kuita.

Aliuchemsha. Kijana alivaa glavu, akaliingiza sinia na kifuniko chake, Koko akatia maji na kufunga. Filimbi ilipolia ilitoa sauti nyembamba, ndefu, na Koko akaiitikia kwa wimbo wa kanisani, chini kwa chini, mpaka ikaisha. Jeli ilipopoa iliganda tena, angavu, laini, bila alama yoyote. Uliweza kuona ziwa kupitia mle. Koko aliitazama akasema tu, "Sasa amemaliza somo." Tuliizika kaburini kwa marehemu, kando ya kichwa chake, siku ile ile.

Nimefikiri sana tangu wakati huo. Tunaogopa wafu warudi watushike, nami nilidhani hicho ndicho kilichonitisha. Sivyo. Kilichonitisha ni kujua kwamba kilichokuwa hai mle si yeye. Ni mimi, na yule mzee, na wamama wa ndagala, tumejazana katika umbo la kiganja chake, tunakula, tunaongezeka, wakati mwenyewe yuko chini ya udongo. Tunagusana kuliko tunavyojua. Katika mji huu ambao watu wa mlimani na watu wa tambarare wanatazamana kwa jicho la pembeni, kila mtu akisema mchafu ni yule, tulipofungua kabati hapakuwa na mstari wa kututenganisha.

Siku ya kuondoa matanga, chakula kilipokuja, mtu alileta beseni kama kawaida. Koko akalichukua, akaligeuza kifudifudi chini, akanipa jagi na sabuni. "Weye utamwagia kila mutu." Nikamwagia. Kila mkono peke yake, maji mapya, kutoka mkubwa hadi mdogo, na kila mmoja ilibidi nimwambie, kwa sauti, ageuze kiganja. Video yake ipo bado mtandaoni. Anauliza kama tunamsikia, anatuachia nafasi. Nafasi ile ni ndefu kidogo kuliko za walimu wengine, na sasa najua aliirefusha kwa ajili ya watu wenye haya. Someni hili, kisha kabla ya kengele mkanawe, kwa maji yanayotiririka. Na mtu akikuuliza kama unamsikia, mjibu kwa mdomo, angali amekaa mbele yako.