Nildete na Ngoma Iliyosikika kwa Nyayo

Watu wa Plataforma, mtaa wa pembezoni mwa mji wa Salvador, Brazili, walimjua Nildete tangu akiwa mtoto wa kulala popote penye ngoma. Mama yake, Arlete, alipiga pasi nguo za watu. Bibi yake alikuwa mmoja wa akina mama wa nyumba ya orisha, miungu waliovuka bahari na watumwa kutoka Afrika, kilimani juu ya reli. Alasiri za sherehe bibi alimtandikia mjukuu mkeka karibu na ukuta. Nildete alijitahidi kukaa macho awaone akina mama wakizunguka na sketi zao nyeupe, lakini ngoma tatu zilimchukua. Akilala, ngoma ziliendelea ndani ya usingizi, na humo akina mama walicheza juu ya maji na juu ya mapaa, na bibi yake akawa msichana. Alipoamka alikuwa na hatua miguuni ambazo hakujua nani kamwonyesha. Mpaka utu uzima hakuweza kutenganisha zile alizoziona na zile alizoziota.

Akiwa na miaka kumi na saba aliingia shule ya dansi, kule mji wa juu wa Salvador. Mwalimu wa kwanza alimtazama akivuka ukumbi, akasema, "Mikono mizuri. Ila hicho kiuno kitulize."

Akakituliza miaka mitatu. Alicheza kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa maji pomoni. Kisha siku moja ya mvua, katikati ya mazoezi, alisahau. Magoti yakakunjika, wimbi likapita mgongoni, mabega yakajibu, na alipozinduka wenzake walikuwa wamekaa chini wakimtazama. Mwalimu naye alikuwa amekaa.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Plataforma," alisema Nildete, akihema.

Baada ya hapo milango ilifunguka mmoja mmoja. Alicheza na kikundi kilichosafiri sana, na safari moja ikamwacha Lyon, Ufaransa, akafundisha huko miaka sita. Wanafunzi wake walihesabu hatua kwa sauti, moja, mbili, tatu, naye akawasihi waache kuhesabu, wapumue tu. Alasiri za ukungu, akivuka daraja, mto ulipotea chini yake, naye alisimama kitambo akijiuliza kama hayumo kwenye ndoto ya mtu mwingine. Arlete alipougua, Nildete alirudi nyumbani, akamuuguza mpaka siku ya mwisho, na hakuondoka tena.

Alipata ukumbi wa chama cha mtaa wa Engenho Velho de Brotas, wenye sakafu ya mbao na madirisha marefu ya magharibi. Huko alifundisha dansi aliyoiunda mwenyewe, mwili wa shule na mwili wa nyumba ya orisha vikiwa kitu kimoja. Mpiga ngoma wake alikuwa Claudionor, mwanamume mwembamba mwenye masihara mengi, aliyestaafu kazi ya uchapaji magazeti. Walifanya kazi pamoja miaka ishirini, wakigombana kila Jumanne na kupatana kila Alhamisi. Jua lilipoinama, vumbi la mbao lilielea hewani rangi ya mafuta ya mawese, na wanafunzi walipita ndani yake kama watu wanaoogelea.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili ndege walipoanza kunyamaza. Kwanza wa asubuhi, dirishani. Halafu birika jikoni likaacha kupiga mluzi. Alidhani ni utulivu wa umri, akaufurahia hata. Lakini ikaja siku ngoma ndogo ikapotea.

"Piga, bwana!" alimfokea Claudionor. "Leo umekula nini, hewa?"

"Nikizidisha hapa ngozi itapasuka, dada."

Wanafunzi walicheka. Nildete aliona vinywa vikicheka, naye akacheka pia. Tangu siku hiyo alisimama mahali pa kuiona mikono ya Claudionor, akafundisha kwa macho, na hakumwambia mtu.

Alhamisi moja Claudionor aliinua mikono kama kawaida, ikaanza kwenda, juu na chini, lakini haikuigusa ngozi. Ukumbi mzima ulikuwa kimya.

"Haya, twende!" Nildete aliita, akaingia uwanjani.

Hakuna aliyemfuata. Alicheza peke yake, amefumba macho, katika ukimya ambao yeye hakuujua. Alishuka taratibu kama akina mama wazee wanapomchezea orisha wa matope, mikono ikibembeleza kitu kisichoonekana, akazunguka, akapanda, akashuka tena. Alipofumbua macho aliona nyuso zao. Aliona mikono ya Claudionor imetulia magotini. Akachukua mkoba wake akatoka.

Wiki nzima ukumbi ulifungwa. Siku ya nane Claudionor alifika nyumbani kwake na nusu ya fenesi ndani ya mfuko.

"Sitaki fenesi lako," Nildete alisema mlangoni. "Umeniaibisha mbele ya watoto wangu."

"Nimekukosea. Nilale hapa mlangoni unipige mateke?" Alikuwa anasema polepole, uso wake ukimwelekea. "Lakini mwezi wa tatu huu unaitazama mikono yangu kama kuku amwonavyo mwewe. Ningefanyaje? Nikikuuliza, ungesema ukweli?"

"Ningekutukana."

"Basi."

Nildete alimpisha. Walikula wakiwa wamesimama kwenye sinki, vidole vikinata utomvu.

"Niambie kitu kimoja," alisema Claudionor. "Siku ile ulikuwa unacheza nini? Miaka ishirini sijakuona hivyo."

"Nilicheza ulichopiga."

"Sikupiga kitu."

"Mimi nilisikia, Claudionor."

Claudionor alimkatia kipande kingine cha fenesi.

Daktari alimpa Nildete kifaa cha sikio, na kwenye kifaa hicho ngoma ililia kama masufuria yanayoanguka. Alikivaa sokoni tu, asipunjwe. Ukumbini Claudionor alizishusha ngoma kutoka vigoda vyake, akazilaza juu ya mbao zenyewe, na Nildete akavua ndala. Mdundo ukampanda kwenye visigino, ukapita magotini, ukakaa tumboni. Kwa miezi saba alitunga dansi kutokana na hayo. Wachezaji tisa walilala kifudifudi jukwaani, wakainuka kidogo kidogo, kila mmoja kwa wakati wake, huku wapiga ngoma wakiwa chini ya jukwaa, wasionekane na wasisikike sana.

Siku ya onyesho la kwanza, mchana wa Jumapili, watazamaji waliombwa waketi jukwaani kuzunguka wachezaji, na wavue viatu.

"Mimi sivui," alisema mama mmoja mnene aliyetoka Plataforma. "Soksi yangu ina tundu."

"Tundu ndilo zuri, mama," Claudionor alimwambia, akielekea ngazi za chini. "Utasikia zaidi."

Mama alivua. Wanasema dakika kumi za mwanzo hakuna aliyekohoa. Watu mia moja walikaa wakisikiliza kwa nyayo, wengine wamefumba macho. Nildete, pembeni, hakujua kama anatazama au anaota, na hakuona haja ya kujua.

Dansi hiyo ilikwenda miji minne. Ilimpa jina, na jina likamletea wanafunzi wa aina mpya, wasiosikia. Wa kwanza alikuwa Iracilda, fundi cherehani wa miaka arobaini, kiziwi tangu kuzaliwa. Alimfundisha Nildete lugha ya mikono, na alikuwa mwalimu mkali. Siku moja Nildete alitaka kuwaambia darasa washuke polepole, vidole vikakosea.

Iracilda alishika mbavu kwa kucheka. Akaandika kwenye karatasi, akamwonyesha: "Mwalimu, umetuambia tupike kunde."

"Basi pikeni!" Nildete alisema kwa sauti yake yote, akishusha viganja, na darasa likashuka, polepole vilevile, hadi sakafuni.