Ukurasa Mchafu wa Sabina

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisini Karatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ilhali ofisi ilifunguliwa saa mbili. Nilikaa kwenye ngazi nikifuta viatu, na vumbi jekundu likaendelea kuvichafua. Mratibu wetu, mama wa Kiiraqw kutoka Mbulu, alinikuta hapo.

"Umelala hapa?"

"Hapana, Mratibu. Niliogopa kuchelewa."

"Haya. Utapokea wanafunzi wa vyuo wanaokuja fildi. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wetu jembe wapewe siku hiyo hiyo."

Sikumwambia mtu kazini kwamba niliishia kidato cha nne. Kusoma ramani nilijifundisha kwa simu. Kupima maji nilijifunza kwa kumfuatafuata fundi bomba hadi akachoka kunifukuza. Wanafunzi walipoanza kuniita "Injinia", sikuwasahihisha. Naungama hilo mapema, kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote.

Mwaka huu nimeacha kazi nikiwa na miaka thelathini na mbili, nimerudi shambani. Nyumbani wananicheka kwamba nimestaafu kabla ya mvi. Lakini wanaokuja nyuma yangu huenda wakataka kujua tulifanyaje.

Shirika letu lilikuwa dogo, likisaidia vijiji vya wafugaji kutunza maji na malisho. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Endulen. Huko niliwatembeza wanafunzi kwenye alalili, yale malisho yanayofungwa ili ndama wakute nyasi wakati wa kiangazi. Baadaye nikapelekwa Loliondo, katika kijiji kimoja cha Enguserosambu, na huko ndiko alikonikuta Sabina.

Sabina alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Mbeya, mcheshi, mwenye mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuwapokea. Nilimpa kazi ya kupima chemchemi kila alfajiri kabla ng'ombe hawajafika. Unakinga ndoo ya lita ishirini kwenye bomba, unawasha saa ya simu, unahesabu sekunde hadi ijae. Unarudia mara tatu, kisha unaandika wastani katika daftari ambalo kamati ya maji ya kijiji hulisoma. Sheria ya kamati ilikuwa moja: ndoo ikichukua zaidi ya sekunde arobaini, ng'ombe wakubwa wahamie kwenye lambo la mbali, chemchemi ibaki kwa watu na ndama.

Kwa wiki kadhaa ndoo ilijaa kwa sekunde thelathini na kitu. Asubuhi moja Sabina akaandika arobaini na sita. Ukurasa ulikuwa umelowa, wino umesambaa, tarakimu zimekatwa mara mbili. Kesho yake msimamizi wake wa chuo alikuwa anakuja. Nilimwona akilini akifungua ukurasa ule na kuniuliza swali la kitaalamu nisiloweza kulijibu. Nikajiambia Sabina alichelewa kuzima saa. Kufika kwenye chemchemi ilikuwa mwendo wa nusu saa tu, ningeweza kwenda kupima mwenyewe. Sikwenda. Nilichana ukurasa, nikaandika upya kwa mwandiko wangu mzuri: thelathini na mbili.

Kesho yake msimamizi alilisifu daftari, kisha akaondoka na Sabina kwenda Soitsambu kupima mipaka ya malisho kwa wiki nzima. Mimi nilibaki nikipanga mafaili. Sikupima hata siku moja. Kamati ilisoma kipimo changu, na ng'ombe wote wakaendelea kunywa palepale.

Sabina aliporudi, chemchemi ilikuwa tope la kwato. Kina mama walisimama na punda na madumu matupu. Mama Noonkishu, au Yeyo kama tulivyomwita kwa Kimaasai, mjumbe wa kamati, alikuwa amekaa chini karibu na ndama wake aliyeshindwa kusimama. Jioni ile ndama alikufa.

Kesho yake kamati iliketi, na Mratibu akaja kutoka Karatu. Alifungua daftari.

"Aliyepima ni nani?"

Sabina akasimama. "Mimi. Lakini nilipata arobaini na sita. Huu si mwandiko wangu."

"Ero! Wasomi hawa," mzee mmoja akacheka. "Mkono wake mwenyewe anaukana!"

Mratibu hakucheka. "Binti, nitalazimika kuandikia chuo kwamba vipimo vyako haviaminiki. Fildi hii utairudia."

Sabina alinitazama. Hakujua lolote, alinitazama kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake. Ukurasa ule nilikuwa nao mfukoni, umekunjwa mara nne, maana mtu wa aina yangu hatupi karatasi. Nikautoa.

"Ni mimi, Mratibu. Alipima sawasawa. Nilibadilisha ili daftari lipendeze. Na mimi si injinia. Nina kidato cha nne."

Kisha Yeyo Noonkishu akaupokea ukurasa, akaugeuza huku na huku.

"Uliona kipimo ni cha uongo?"

"Niliona ni kichafu, Yeyo."

"Mwanangu, ndama hanywi mwandiko."

Nililia mbele ya wazee. Yeyo aliningoja nimalize, akauliza, "Umekula tangu asubuhi?" Mtu ambaye ndama wake amekufa kwa kosa langu aliniuliza kama nimekula.

Siku hiyo hiyo ng'ombe wakubwa walihamishiwa lamboni. Mimi niliamriwa kuzibua chemchemi pamoja na kina mama, kisha kupima kila alfajiri nikitangaza sekunde kwa sauti hadi mvua inyeshe. Sabina alishika saa.

"Ya kidato cha nne tulijua, Injinia," aliniambia. "Maneno ya vitabuni unayatamka kama mtu ambaye hajawahi kuyasikia."

Mratibu aliubandika ukurasa ule mahali pake kwa gundi, wala hakunifukuza. Baada ya hapo nilipokea wanafunzi wengi, na kila mmoja nilimsimulia habari hii siku ya kwanza, kabla hajaniita jina lolote. Hofu yangu haijaisha. Hata haya nimeyaandika mara sita.

Siku yangu ya mwisho nilimkabidhi daftari binti aliyechukua nafasi yangu. Alifunua hadi kwenye ukurasa wa Sabina, akakunja uso.

"Kaka, huu nikuandikie upya? Umeharibika."

Mkono uliniwasha kutafuta kalamu. Nikaokota ndoo, nikampa.

"Twende tukapime kwanza."