Mkono wa Kushoto Mlangoni

Nafundisha darasa la kwanza katika shule iliyo karibu na ufuo wa Dunga, kando ya ziwa. Kila asubuhi nasimama mlangoni, macho nimefumba, mkono mbele. Mtoto ananipa mkono, mimi nataja jina lake. Nikipatia, anaingia akicheka. Nikikosea, lazima niimbe, na sauti yangu si ya kuimbia watu. Mtoto wa muuza omena, wale dagaa wa ziwani, namjua kwa harufu kabla hajanigusa.

Mwaka mmoja nilikuwa na mapacha darasani. Walikuja wameshikana, hawaachani hata kwa dawa, kwa hiyo msichana alinipa mkono wa kulia na kaka yake wa kushoto, maana ndio uliobaki huru. Niliwataja kwa mkupuo mmoja.

Likizo ya Aprili mvulana akazama ziwani.

Shule ilipofunguliwa, dada yake alikuja peke yake. Nilimtaja jina polepole kuliko siku zote. Kabla sijashusha mkono, mwingine ukaingia kiganjani mwangu: mdogo, baridi, unachuruzika maji. Nikafumbua macho. Alikuwa dada yule yule, amenyoosha wa kushoto. Hofu yangu ikatoka kama hasira. Mimi ndivyo nilivyo. Nikamkemea kwamba mkubwa hasalimiwi kwa kushoto. Hakulia. Alikwenda kusimama uani penye mfereji, na kwa siku tatu hakukanyaga darasani.

Hasira hasara. Nyanya yake, aliyewalea tangu wachanga, alikuja kuniambia mtoto asipoingia darasani wiki hiyo atapelekwa kwa shangazi yake Muhoroni, mbali na ziwa na mbali na kaburi la kaka yake. Nikamweleza habari ya mkono, nikijitetea. Akaniuliza:

"Mwalimu, si huo mkono ndio kaka yake alikuwa anakusalimia nao kila siku?"

Niliona aibu.

Siku ya nne nilimwita msichana kwenye foleni, nikafumba macho. Wa kulia ukaja, nikamtaja. Kisha wa kushoto, baridi, umelowa. Nikalitaja jina la kaka yake. Nilimwuliza kwa sauti ya chini mbona mkono huu una maji.

"Bado hajakauka, ticha."

Akaingia. Kesho yake nilimwona akiulowesha mkono wa kushoto kwa maji ya mfereji kabla ya kupanga foleni, nikashusha pumzi. Hata hivyo kila asubuhi nilipomwita marehemu kwa jina, nililisikia ziwa kule chini.

Mwezi ukapita hivyo. Asubuhi moja akanipa wa kulia peke yake. Nilingoja, kiganja wazi. Mwishowe nikafumbua macho, nikamwuliza kaka yake yuko wapi leo.

"Ameshaingia," akasema, akanipita kwenda kukaa.

Nyuma yangu nikasikia benchi lao likilia. Kisha likalia tena. Niliogopa, na sikugeuka.

"Karibuni," nikasema, nikiwa nimetazama nje.