Darasa Lililosimama Mbele ya Redio

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilipanga chumba kijijini Mwabungo, kwa watu wasionijua. Tukitoka shule, mtu wa kuzungumza naye sikuwa naye tena mpaka kesho yake.

Ndipo ofisi ya elimu ya Kwale ilipotuletea redio ya betri, ili watoto wasikilize vipindi vya masomo. Mwalimu mkuu aliifungia kabatini. Alikuwa mtu mzima aliyesomesha Kurani chuoni kabla ya kusomesha hesabu. Kwake, elimu hutoka kinywani mwa mwalimu, na mwanafunzi huirudisha kwa kinywa chake ili mwalimu ajue imefika salama.

"Hiki chombo chako kinasema," aliniambia. "Kinasikiliza?"

"Hakisikilizi, mwalimu."

"Basi kina kiburi."

Nilimsihi siku nyingi. Nilisema watoto wataachwa nyuma. Sikusema kwamba mwenye hamu ya sauti ya redio nilikuwa mimi. Mwishowe akanipa ufunguo.

"Kipindi kimoja. Kikiwafaa, redio itabaki. La sivyo, itarudi Kwale."

Nikaiweka mezani, nikaifungua. Sauti ya mwanamume ikasema, "Hamjambo, watoto?" Darasa zima likasimama. "Hatujambo, mwalimu!" Nikacheka moyoni kwa furaha. Kisha sauti ikaanza kueleza safari ya gari moshi kwenda bara: nyika, baridi, stesheni zenye bustani. Nikageukia dirishani nikaenda nayo, stesheni baada ya stesheni.

"Hawa wamekosa nini?"

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni. Nikageuka. Watoto walikuwa wangali wamesimama, mikono nyuma, wengine wakibadilisha miguu kwa kuchoka. Mtoto wa kwetu haketi mpaka aliyemwamkia amruhusu, na redio haikuwaruhusu.

"Ketini, wanangu," alisema kwa upole. Kisha akanisogelea, wasisikie. "Yeye hawaoni, nimemsamehe. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikaizima redio. Redio ilirudi Kwale wiki hiyohiyo.

Jumatatu nikawasomesha habari za gari moshi mwenyewe, kwa yale niliyoyakumbuka. Msichana mmoja wa mbele akainua mkono.

"Mwalimu, wewe umefika huko?"

"Sijafika."

Wakaningoja niendelee. Nikafuta ubao, kisha nikawaambia watoe madaftari ya hesabu. Muhula ulipokwisha niliandika barua ya kuomba uhamisho, popote pale, mradi njia ya reli ipite karibu.