Aliona Aibu Kusomea Samaki

Jamani, nimeona watu wakifukuzwa shule kwa utoro, kwa ulevi, hata kwa kumtukana mwalimu. Mtu wa kujifukuza mwenyewe, kavaa tai, kabla shule haijafungua, sikuwahi kumwona.

Mpaka Prodige aliponionyesha.

Prodige ni kijana wa Ruziba. Mama yake anauza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, sokoni, na ndagala hizo ndizo zilizomsomesha mpaka akapata diplome ya sekondari. Pesa ya chuo mama hakuwa nayo, na mtoto alijua.

Basi shirika moja lenye ofisi Kigobe likampa bourse, yaani ufadhili wa masomo. Masomo, chumba, chakula, miaka mitatu yote. Chuo alichojaza mwenyewe kwenye fomu kilikuwa cha ufugaji wa samaki.

Mama alipiga vigelegele kanisani mpaka pasta akanyamaza.

Bwana mkubwa Prodige yeye akaona aibu.

"Samaki?" Jordan, rafiki yake wa tangu utotoni, alicheka mbele ya vijana wote wa mtaa. "Mutu wa akili kama we usome samaki? Si mama yako angekufundisha tu pale sokoni?"

Wote wakaangua kicheko.

"Mi siwezi kukudanganya, ndugu," Jordan akaendelea. "Enda Droit, usome sheria. Watu watakuita Maître, kama mawakili."

"Na bourse?"

"Si iko na jina yako? Itakufuata."

Maître Prodige! Jina likamlevya bila hata chupa moja. Akajiandikisha chuo cha binafsi cha sheria, akaazima tai, akatembea kwa miguu mpaka Kigobe maana mafuta ya magari yalikuwa hayapatikani mjini. Jordan alimsindikiza, eti kwa upendo.

Ofisini, Mama Odette, anayeshughulikia bourse, akampa karatasi ya kubadilisha chuo.

"Soma yote kwanza, mwanangu."

"Mama, mi ni mutu wa sheria," akajibu, akasaini bila kufungua ukurasa wa pili.

Mtu wa sheria huyo!

Nyumbani mama yake akamuuliza swali moja tu. "Uliwauliza kama watalipa na huko?"

"Mama, we haujui mambo ya papier."

Wiki tatu baadaye, chuo cha sheria kikamtoa darasani. Hakuna shirika lililomlipia. Prodige akakimbilia Kigobe, tai imemzunguka mpaka mgongoni.

Mama Odette akafungua ule ukurasa wa pili, akamsomea polepole. Bourse inalipia masomo yaliyo kwenye fomu ya kwanza. Ukibadilisha chuo, dossier yako, yaani faili, inafungwa na unaomba upya mwaka ujao. Nafasi yako anapewa wa kwanza kwenye orodha ya wanaongoja.

"Bourse si mbwa, mwanangu. Haikufuati ukihama."

"Basi munirudishe kwa samaki! Nitaanza leo leo!"

"Apana. Mwenzako amesha anza kusoma."

"Mwenzangu nani?"

Akamgeuzia orodha. Namba moja, tangu siku ya kwanza kabisa: Jordan.

Prodige alimpigia simu papo hapo.

"We Jordan! Ulinicheka kwa sababu ya samaki!"

"Nilikucheka, ndiyo," Jordan akajibu bila haya. "Nilisema Droit ni nzuri. Kuna siku nilisema ni ya bure? Aya, nakuacha, prof ameingia."

Akakata.

Siku hizi Maître wetu anaanika ndagala Ruziba pamoja na mama yake. Mama hajamgombeza hata mara moja. Kila asubuhi anampa beseni la ndagala, basi, na Prodige ananiambia bora angempiga.

Ndugu zangu, kabla ya kubadilisha chuo muulizeni anayelipa, tena msome ukurasa wa pili.

Na mtu akicheka ulichochagua, usipoteze muda kujitetea. Muulize yeye ameomba wapi.